Shimo la Nyumba Yako Liko Wapi?

Ukuta uliouegemea sasa hivi ulitoka ardhini mahali fulani. Kama uko Mombasa na nyumba ni ya mawe ya matumbawe, kuna shimo Kilifi au Kwale. Kama uko Nairobi na mawe ni ya Ndarugo, shimo liko upande wa Juja. Kama uko Dar es Salaam, muulize mzee aliyejenga zamani kokoto zake zilitoka wapi. Huenda akakutajia Kunduchi. Na saruji iliyoshikanisha vyote hivyo ni mwamba uliosagwa, ukachomwa, ukasagwa tena. Nao una shimo lake.

Sote tuna shimo mahali. Mwenye nyumba analo, mpangaji analo, hata mtoto aliyekaa darasani analo.

Sisemi hivi ili mtu alale vibaya usiku wa leo. Watu lazima wapate pa kulala, na zahanati haijengwi kwa maneno. Wale akina mama na vijana wanaoponda kokoto juani wanafanya kazi halali, tena nzito kuliko nyingi zetu. Ninachouliza ni kitu kidogo tu: jiwe likishaondoka, lile shimo linabaki kuwa la nani?

Twendeni kwanza Bamburi tukatembee kidogo, halafu tuzungumze.

Ukivuka daraja la Nyali na kushika barabara ya Malindi, utaiona mitambo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Mwambie utingo akushushe Haller Park. Siku za shule utakuta getini watoto wenye sare na walimu wao wakihesabu vichwa. Ingia nao. Hatua chache tu na jua linapungua makali, kwa sababu uko chini ya miti. Tumbili wanakukagua kuona kama umebeba ndizi. Ukipenda, simama kwenye jukwaa la twiga umlishe mmoja kwa kiganja. Ulimi wake mrefu una mate mengi, usivae shati lako la sherehe.

Halafu, ukiwa umezoea kivuli, angalia pembeni. Katikati ya majani utaona ukuta wa mwamba uliokatwa wima, mkavu, wenye rangi ya majivu. Hapo ndipo mgeni hugundua kwamba muda wote huo anatembea ndani ya shimo.

Kiwanda cha Bamburi kilianzishwa mwaka 1951 na kikaanza kutoa saruji mwaka 1954. Mwamba wake ni matumbawe ya kale. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na wanyama wadogo wa baharini wakajijengea makao yao pale pale tunapopita na matatu. Sisi tumekuja tukayachimba makao yao ili tujenge yetu. Mashine zilishuka mpaka karibu na maji ya chini ya ardhi, ambayo yenyewe yana chumvi. Zilipohamia upande mwingine ziliacha sakafu nyeupe ya mwamba inayochoma macho. Udongo haukuwapo, kivuli hakikuwapo, na upepo wa bahari ulipita juu yake bila kukuta hata jani la kutikisa.

Mwaka 1959 kiwanda kilikuwa kimemwajiri mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, ambaye kabla ya hapo alisimamia shamba la kahawa Tanganyika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mambo ya kawaida kabisa: bustani, mboga na matunda kwa ajili ya wafanyakazi. Mwaka 1971 ndipo alipoanza kujaribu kuotesha kitu kwenye ule mwamba mtupu.

Nataka tuchelewe kidogo hapa, kwa kuwa sehemu hii ndiyo inayotuhusu zaidi.

Zilijaribiwa aina 26 za miti. Zilizostahimili ni 3. Moja ilikuwa mnazi, ambao mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Ya pili ilikuwa damas, mti wa kwao Somalia, uliozoea ukame na chumvi. Ya tatu ilikuwa mvinje.

Fikiria hesabu hiyo kidogo. Aina 23 zilikataa. Angekuwa mmoja wetu, si angesema baada ya aina ya kumi kwamba ardhi hii imelaaniwa? Si tungemwita kwenye kikao tukamwambia, bwana, hela za kampuni zinaisha?

Mvinje mnaujua. Ni ule mti mrefu wenye majani membamba yanayovuma upepo ukipita, unaopandwa na wakulima wengi wa Kilifi na Kwale kwa ajili ya nguzo. Ukipita penye ghorofa linalojengwa Mombasa, zile nguzo nyingi zinazoshikilia zege la juu mpaka likauke, mara nyingi ni mivinje. Kwa hiyo mti uliokubali kuota kwenye shimo la saruji ndio huo huo unaoishikilia saruji ikiwa mbichi. Sijui kama kuna aliyepanga hivyo, lakini napenda ilivyotokea.

Siri yake iko mizizini. Mizizi ya mvinje hukaribisha vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huvuta naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti. Mti mwingine unaposubiri mbolea ya ardhini, mvinje una mbolea yake mwenyewe. Ndiyo maana unaweza kuanza maisha mahali ambapo hakuna udongo.

Ila kulikuwa na tatizo. Majani yake yalianguka, yakatanda chini, yakabaki vile vile. Yana ukakasi, na vijidudu vinavyoozesha majani havikuyapenda. Tabaka likazidi kuwa nene, miti ikasimama juu ya zulia kavu, na udongo haukuzaliwa. Kuwa na miti bila udongo ni kuwa na miti ya muda. Ikizeeka, mnarudi kwenye mwamba.

Aliyetatua jambo hilo alikuwa jongoo.

Yule jongoo mkubwa wa pwani, mweusi mwenye miguu myekundu, anayejikunja ukimgusa. Haller aligundua kwamba anayala majani ya mvinje bila wasiwasi. Basi wakaokotwa majongoo kwa mamia, wakapelekwa shimoni, wakaachwa wafanye kazi yao. Walikula, wakanya, wakazaana. Kinyesi chao kikawa mboji, mboji ikahifadhi unyevu, unyevu ukakaribisha mbegu nyingine. Wahenga wetu walisema mtupa jongoo hutupa na ung'ong'o wake, maana tunamwona mchafu hata kijiti kilichomgusa hatukitaki tena. Pale Bamburi kuna msitu mzima kwa sababu watu walifanya kinyume.

Miaka ikapita. Udongo ulipoanza kuonekana, miti ya asili ya pwani ikaletwa ipandwe katikati ya mivinje, na mingine ikaja yenyewe kwa ndege na popo. Mivinje mingi ikavunwa taratibu kuipisha. Mvinje ulifanya kazi ya mkunga: ulizalisha, ukanawa mikono, ukawaachia wenye nyumba.

Maji nayo hayakupuuzwa. Palipochimbwa kina zaidi yalitokea mabwawa, wakafugwa perege, au tilapia kama wauza samaki wanavyowaita. Baada ya samaki wakaja mamba, ndege wa majini, viboko. Kwenye nyasi wakaletwa pofu, choroa na kuro. Mwaka 1984 umma ukafunguliwa njia ya kutembelea. Mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likamtunukia Haller heshima yake ya Global 500. Mwaka 1999 eneo likapewa jina lake.

Hapo kwenye jina nina neno langu dogo. Ni haki mtu aliyeona mbali akumbukwe. Lakini mtu mmoja hapandi msitu. Walikuwapo watu wa hapa hapa pwani waliobeba miche, waliochimba vijishimo kwenye mwamba, waliookota majongoo na kurudi nyumbani jioni na vumbi jeupe usoni. Majina yao hayako getini. Ukitembea pale na mwanao, mwambie na hilo.

Wengi wenu mnaijua hadithi ya Owen na Mzee, na kama hamuijui, watoto wenu wanaijua. Mwishoni mwa mwaka 2004 mtoto wa kiboko alibaki peke yake baharini karibu na Malindi, baada ya kusombwa na maji ya mto Sabaki. Mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba yakamkuta huko. Wavuvi na wakazi, pamoja na wageni waliokuwapo, walihangaika naye kwa nyavu hadi wakamtoa. Akapakiwa kwenye gari, akaletwa Bamburi, akapewa jina Owen. Alipofunguliwa tu, alikimbilia kobe mkubwa aliyekuwa akiishi pale, Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, wa jamii ya kobe wa kisiwa cha Aldabra huko Shelisheli. Wakala pamoja, wakalala pamoja, wakaogelea pamoja. Picha zao zilizunguka dunia nzima.

Watu wengi husimulia kisa hiki wakiishia kwenye urafiki wa wanyama wawili. Mimi hunijia swali jingine. Yule mtoto wa kiboko angepelekwa wapi kama lile shimo lingeachwa jeupe?

Sasa turudi bara, tuangalie shimo jingine. Nairobi, Dandora. Hapo pia palikuwa machimbo ya mawe. Katikati ya miaka ya 1970, wakati mivinje ya Bamburi ikiwa bado michanga, shimo la Dandora lilianza kupokea taka za jiji. Jiji lilikuwa linakua, taka zilihitaji pa kwenda, na shimo lilikuwa tayari lipo. Ukiyatazama mambo ya wakati ule, unaelewa kwa nini waliamua hivyo. Mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Magari hayakuacha kuja. Leo ni mlima. Kuna ndugu zetu wanaopata riziki yao juu ya mlima huo, na kuna shule na nyumba zinazovuta moshi wake.

Machimbo mawili, nchi moja, karibu umri mmoja. Sitaki tunyoosheane vidole. Kiwanda kilikuwa na fedha, uzio na mtaalamu wa mshahara. Dandora haikuwa navyo. Na niseme kweli pia kwamba kutengeneza saruji hutoa hewa ya ukaa nyingi, na msitu mmoja haufuti deni hilo. Lakini mnaona tofauti? Shimo likiachwa bila mwenyewe halibaki tupu. Kitu kitaingia tu. Kama hatukuchagua miti, taka zitajichagua zenyewe, au maji ya mvua na mbu.

Maji ya mvua ndiyo yananisumbua zaidi. Kila masika tunasikia. Watoto wametoka shule, jua kali, wamepita kwenye timbo la zamani lililojaa maji. Juu yanaonekana matulivu. Chini kuna ukingo uliokatwa wima. Hatua moja maji ya kiunoni, hatua ya pili hakuna sakafu. Mtoto hawezi kujua hilo kwa kutazama. Je, wewe mzazi, unajua timbo lililo karibu na njia ya mwanao? Umewahi kutembea naye hiyo njia, si kwa kumfokea, kwa kumwonyesha?

Anza hapo. Jumamosi moja, shikeni njia pamoja. Mwonyeshe ukingo, mrushie jiwe ndani asikie linavyozama. Waeleze rafiki zake pia, kwa maana mwanao hatakwenda pale peke yake.

Kisha ongea na majirani kuhusu uzio. Si lazima uwe wa waya wa bei. Michongoma, minyaa au mikonge iliyopandwa kwa kubanana huzuia mtoto na ng'ombe vizuri kabisa, na kazi yake ni asubuhi moja ya watu kumi. Tuliwahi kujenga madarasa kwa harambee, na ndugu zetu wa Tanzania wanajua msaragambo. Uzio wa miti utatushinda?

Wewe mwenye shamba, unayefikiria kukodisha eka yako kwa wachimbaji, nina ombi. Kabla ya mashine kuingia, kaeni chini mkubaliane kwa maandishi mambo ambayo ni rahisi sasa na magumu baadaye. Udongo wa juu ukwanguliwe kwanza, uwekwe pembeni kwenye lundo lake, usichanganywe na kifusi. Haller hakuwa nao. Ilibidi asubiri majongoo miaka na miaka. Wewe unao, unene wa futi moja pengine, na ni mali kuliko mawe yaliyo chini yake. Kingo zisiachwe wima, zikatwe kwa mteremko au kwa ngazi. Na mkubaliane nani atarudisha udongo, lini, na fedha yake itatoka wapi. Sheria za mazingira za Kenya na Tanzania zote zinataka mchimbaji afikirie ardhi itakavyokuwa baada ya kuchimba, kwa hiyo huombi hisani. Mchimbaji muungwana atakuelewa, na wapo wengi.

Wewe fundi, na wewe unayejenga, mna sehemu yenu ambayo watu huisahau. Zege likimwagwa, limwagilieni maji kwa wiki nzima. Mnajua wenyewe jinsi haraka inavyotufanya tumwagilie siku mbili tukasema inatosha. Zege lililonyimwa maji hupasuka na kumong'onyoka mapema, na ukuta unaorudiwa baada ya miaka michache umekula mawe mara mbili na saruji mara mbili. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na kila ukuta unaojengwa upya umeongeza shimo mahali. Pimeni mchanganyiko kwa ndoo, msikisie. Vipande vilivyobaki vya mawe vitumike kwenye njia au msingi wa choo badala ya kumwagwa bondeni.

Nyumbani je? Hebu tazama ndoo ya taka jikoni. Maganda ya ndizi, ya viazi, ya maembe, mabaki ya ugali, majani ya chai. Sehemu kubwa ya kile kinachokwenda Dandora na madampo mengine ni chakula. Hicho ndicho kilichokosekana Bamburi, kitu cha kuoza kiwe udongo! Ukiwa na uwanja, chimba kishimo, tupia maganda, funika kwa majani makavu, subiri. Ukiwa ghorofani, ndoo yenye matundu na udongo kidogo inatosha kwa sukumawiki za kibarazani. Itanuka? Ukifunika vizuri, hapana. Watakuja wadudu? Watakuja, na mmoja wao pengine atakuwa jongoo. Usimtupe.

Nije kwenye miti, maana hapa tuna moyo mkubwa na subira ndogo. Mwaka 2022 Kenya ilijiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko kwa kazi hiyo. Nilifurahi kuona watu wazima wenye viatu vizuri wamepiga magoti kwenye matope. Lakini swali langu ni la mwezi wa pili baada ya hapo. Picha zimeshapigwa, mvua imekata, mbuzi wa jirani amefunguliwa. Nani anamwagilia?

Bamburi walipoteza aina 23 na hawakuficha. Walitazama ipi imekufa, ipi imedumaa, ipi inapumua, wakaongeza ile inayopumua. Tukipanda mtaani, tufanye hivyo. Afadhali familia moja ichukue miche mitano na kuitaja kwa majina, kuliko kikundi kupanda elfu moja na kuondoka. Wape watoto. Mtoto akiambiwa huu ni wako, atakusimulia kila jioni jani jipya limetoka upande gani.

Na msikimbilie mti mzuri kwa picha. Ulizeni mzee wa pale ni mti gani huota wenyewe kwenye kifusi na kando ya barabara. Huo ndio unaoijua ardhi yenu. Pwani unaweza kuwa mvinje au mkwaju, bara utakuwa mwingine. Maofisa misitu wanajua, na wengi hufurahi wakiulizwa, kwa sababu ni nadra mtu kwenda ofisini kwao bila kutaka kibali cha kukata.

Nyinyi walimu mna bahati kuliko sisi wote, kwa sababu mna darasa. Kama shule yenu iko pwani, mnaweza kupanga ziara ya Bamburi. Na mkifika, baada ya twiga na mamba, wachukueni watoto pembeni muwaonyeshe ule ukuta wa mwamba. Waulizeni udongo huu walioukanyaga umetoka wapi. Waacheni wakosee kwanza. Kama mko mbali na nauli haipatikani, mara nyingi machimbo hayako mbali na shule. Darasa la sayansi linaweza kwenda ukingoni, mbali kidogo na hatari, likaandika mimea inayoota yenyewe pale. Mwaka unaofuata darasa jingine liandike tena. Baada ya miaka mitatu mtakuwa na daftari ambalo ofisi nyingi hazina.

Nawajua watakaosema shimo letu si la kampuni, hatuna Mswisi, hatuna pesa. Ni kweli. Bamburi palihitaji mshahara, mashine na zaidi ya miaka kumi kabla ya kumkaribisha mgeni wa kwanza. Shimo la mtaani halihitaji twiga. Linahitaji kingo zisizoua, maji yasiyozalisha mbu, na kivuli ambacho mama mwenye mzigo anaweza kupumzikia. Kama maji hayakauki, perege wachache watakula viluwiluwi vya mbu, na siku moja watakuwa kitoweo. Kama yanakauka, pandeni miti vuli hii, msisubiri mwaka mpya wa fedha.

Nanyi mlioko mbali, Muscat au Minnesota, mnaotuma fedha za ujenzi nyumbani, nanyi ni wenye nyumba. Mara nyingi simu huwa ni kuuliza mifuko mingapi imebaki. Siku moja ulizeni na mawe yametoka kwa nani, na pale yalipotoka pakoje. Swali la mwenye fedha husikilizwa. Ongezeni gharama ya miche kumi juu ya bei ya tripu moja ya mawe. Fundi atashangaa, halafu atazoea.

Kwenye kikao kijacho cha nyumba kumi, kabla hamjafika kwenye mengineyo na watu kuanza kutafuta viatu vyao, mmoja wenu anyooshe mkono. Aseme lile shimo la nyuma ya shule liwekwe kwenye ajenda. Lina kina gani? Mwenye ardhi yuko wapi, na nani ana namba yake? Nani ana panga, nani ana mikonge ya kupanda uzio, nani anafahamiana na ofisa misitu? Katibu aandike majina na tarehe, na mwenyekiti asifunge kikao mpaka Jumamosi ya kwanza iwe imepangwa.